Aliyepona Alikula na Nani

Watu waliomletea Mwalimu mgonjwa ili amwombee walikutana kwanza na swali ambalo hawakulitarajia: mgonjwa amekunywa dawa? Akiambiwa hajanywa, aliwaelekeza kwenye lango langu, kwa maana zahanati niliyofanyia kazi ilipakana na shamba lake la chai, naye akarudi kitini kusoma. Akiambiwa amekunywa, aliomba. Maombi yake yalikuwa mafupi, ya mtu anayejua kwamba anayeombwa si kiziwi. Kwa hiyo wagonjwa wangu wengi walitumwa kwangu na mtu yule yule waliyemwendea ili wanikwepe.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Anayetaka hayo atayapata kwa watu wake, na atayapata marefu. Mimi nilimjua kama jirani, kwenye mteremko ulio juu ya Keumbu, miaka yote niliyokuwa muuguzi hapo. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi akabakiwa na darasa moja tu, la Jumamosi asubuhi, katika kanisa lao la Kisabato. Mimi ni Mkatoliki. Aliniita Sista kama wagonjwa wote walivyoniita, kwa sababu ya uuguzi, lakini yeye alilitamka neno hilo kwa namna ambayo sikuwa na hakika kama ananiheshimu au anawatania masista wa parokia yetu.

Darasa lake lilikuwa na somo moja. Kanisa liliwapa masomo mapya kila baada ya miezi kadhaa, na Mwalimu aliyapokea kwa adabu, akaanza pale yalipoanza, lakini kabla saa haijaisha alikuwa amefika kwenye miujiza ya uponyaji. Aliamini kwamba tunaisoma vibaya. Tunaisoma kama watu wa hospitali, alisema, na niliambiwa kwamba hapo aligeuza uso kuelekea zahanati.

Kwa Wayahudi wa kale, alifundisha, ugonjwa haukukaa mwilini peke yake. Mwenye ukoma aliishi nje ya kambi, nguo zake zimeraruliwa, akipaza sauti kwamba yeye ni najisi ili watu wampishe. Mwanamke aliyetokwa na damu hakuguswa, na hata alipoketi hapakuketiwa. Kuhani hakuwa daktari na hakuwa na dawa hata moja. Kazi yake ilikuwa kutoka, kwenda kule nje ya kambi, kumtazama aliyepona, na kumtangaza kuwa safi ili arudi kwake. Mungu ndiye aliyeponya, na kuponya kwake kulikuwa ni kumrudisha mtu kwa watu. Ndiyo maana kila alipomaliza kusoma habari ya muujiza, Mwalimu alifunga Biblia na kuacha kidole ndani, akauliza, "Na jioni hiyo alikula na nani?"

Maandiko mara nyingi hayasemi. Wageni walifungua kurasa wakitafuta. Wenyeji wa darasa walijibu kwa pamoja, "Na watu wake," kwa mlio mmoja, kama litania. Nilimwambia kwamba hilo ni jambo la Kikatoliki kabisa, na hakulipenda.

Siku moja mtu mkubwa, mwenye gari kubwa na ugonjwa wa presha, alipanda mteremko ule ili aombewe na mzee huyu ambaye sifa zake zilikuwa zimemfikia. Mwalimu alikuwa ndani, anasoma. Hakutoka. Alimtuma mkewe akamwambie mgeni ameze vidonge alivyoandikiwa na apunguze nyama. Nilimuuliza baadaye kwa nini alimfanyia mtu hivyo.

"Jemadari wa Shamu alitendewa hivyo hivyo," alisema. "Alikuja na farasi na magari mpaka mlangoni kwa nabii, na nabii hakutoka. Alimtuma mtu amwambie akaoge mtoni. Akakasirika, akaondoka. Alitaka nabii atoke, asimame, apunge mkono juu ya kidonda. Lakini mwishowe aliteremka mtoni, na alipotoka majini alikuwa mtu mwingine. Alirudi kwa nabii kwa miguu."

"Kwa miguu?"

"Mimi nasema kwa miguu."

Tulingoja yule mtu mkubwa arudi kwa miguu. Hakurudi. Alikwenda Nairobi, akapona, akatoa shukrani kubwa katika kanisa lingine. Mwalimu alisema hilo ni jambo jema sana, kwa sauti ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Wakaja pia watu wa hema. Walilisimamisha karibu na soko la Keumbu, na mhubiri wao aliombea vitambaa vyeupe ambavyo watu walivipeleka nyumbani kuwawekea wagonjwa. Mwalimu alihudhuria mikutano yote, ameketi mbele na mwavuli wake katikati ya magoti, na Jumamosi iliyofuata akalieleza darasa habari ya nyoka wa shaba. Jangwani nyoka yule alikuwa wa kweli, alisema. Walioumwa waliinua macho wakamtazama, wakaishi. Lakini vizazi vikapita, na watu wakaanza kumfukizia uvumba yule nyoka mwenyewe, mpaka akatokea mfalme mwenye akili akamvunja vipande vipande. Chombo cha uponyaji kikiisha kazi, alisema, kinataka nyundo.

Wiki ile ile alikuta kitambaa cheupe chini ya mto wa mkewe.

"Nilimuuliza kichwa chake kinaendeleaje," aliniambia kupitia ua wa michongoma. "Akasema kimepoa. Nikakirudisha pale pale."

"Hukukivunja?"

"Yule mfalme aliyemvunja nyoka, waliofukiza uvumba hawakuwa wakimpikia."

Alikuwa na maadui wawili. Wa kwanza ni sukari, aliyokuwa nayo katika damu na aliyoipiga vita kwa kunywa chai kavu mbele ya watu wote, huku akila ndizi mbivu shambani, kwa hoja kwamba sukari ni ya kiwanda na ndizi ni ya Mungu. Wa pili ni aya moja ya Maandiko. Ilihusu mfalme wa Yuda aliyeugua miguu, ambaye katika ugonjwa wake hakumtafuta Mungu bali waganga, kisha akafa. Waumini wenzake walioogopa sindano waliijua aya hiyo kuliko zote, na waliitumia dhidi yangu. Mwalimu hakuwa na namna ya kuifuta. Alitafuta aya ya kuipinga, akasikia kwamba kimo kitabu cha hekima katika Biblia yetu, kisichomo katika yao, kinachosema tabibu aheshimiwe kwa kuwa naye aliumbwa na Bwana, na kwamba dawa hutoka ardhini na mwenye busara hazikatai. Alikuja jioni kuazima Biblia yangu, akaondoka ameifunga ndani ya gazeti kama mtu aliyebeba chupa.

Aliporudisha alisema, "Si Maandiko. Lakini ni kweli."

Jumamosi ile aliifundisha hekima hiyo, na alipoulizwa imeandikwa wapi, alijibu kwamba Wayahudi wa kale walikuwa nayo. Hakuongeza kwamba ilikuwa imekaa siku kadhaa chini ya mto wake mwenyewe.

Jambo ninalotaka hasa kulisimulia ni la Kerubo.

Kerubo alikuwa mwanamke wa kanisa lao. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza uchungu ulimshika muda mrefu mno, mtoto akafa, naye akabaki na jeraha la ndani, lile linaloitwa fistula, mkojo ukimtoka bila yeye kujua. Mumewe alimrudisha kwa mama yake. Kanisani alikaa nje, juu ya jiwe lililo chini ya dirisha, akisema anapenda hewa. Watu walikubali kwamba anapenda hewa. Mwalimu alikuwa hodari wa kumfundisha: kila alipofika kwa mwanamke aliyetokwa na damu, alisogea dirishani na kupaza sauti ili Kerubo asikie vizuri. Alifanya hivyo kwa miaka. Kutoka nje hakutoka.

Kisha nikapata habari kwamba madaktari wa upasuaji wa jeraha hilo watakuja katika hospitali kubwa ya mjini. Nilimpeleka. Alikaa huko wiki kadhaa, akarudi amekauka, mkojo haumtoki tena.

Sabato iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kabla ya kula mkate, Wasabato huoshana miguu, wawili wawili, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Kerubo alikuja zahanati siku ya kuamkia Sabato hiyo.

"Sista, twende pamoja," alisema. "Utakaa tu nyuma. Nikiuona uso wako sitakimbia."

Nilikwenda. Aliketi ndani, benchi la kati, na watu walimsalimu vizuri. Wakati wa kuosha miguu ulipofika, wanawake tuliingia katika chumba cha watoto, palipokuwa na mabeseni, maji ya moto na taulo. Naomba nieleweke: hakuna aliyemkataa Kerubo. Kila mmoja alikuwa tu ameshapata mwenzake. Huyu alikuwa na shemeji yake, yule alikuwa ameahidiana na jirani. Viti vikajaa, maji yakamiminwa, na Kerubo akabaki amesimama katikati ya chumba na beseni lake.

Nikainuka.

"Si wewe, Sista," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unanigusa kwa kazi."

Nikakaa. Sijawahi kuambiwa neno la kweli zaidi ya hilo katika uuguzi wangu.

Wakati huo Mwalimu alikuwa kwenye korido. Wanaume wenzake walikuwa wakioshana chumba cha pili, lakini yeye katika ibada hii alikuwa na kazi daima. Alipanga vikombe, alinyamazisha watoto. Alipita mlangoni akaona. Alielewa mara moja, kwa kuwa hilo ndilo somo alilolijua kuliko mtu yeyote kati ya Kisii na Nyamira. Akasimama kizingitini akaanza kufundisha. Alisema juu ya kambi na nje ya kambi. Alisema juu ya dada yake Musa, aliyetengwa kwa ukoma, na jinsi taifa zima lilivyokataa kung'oa hema hata moja mpaka aliporudishwa. Lilikuwa somo zuri. Wanawake walimsikiliza miguu ikiwa majini, na Kerubo alisikiliza akiwa amesimama.

"Mwalimu," mkewe alisema kutoka pembeni, "maji yanapoa."

Mama huyu alikuwa amekwisha kuketi na rafiki yake wa siku zote. Aliinuka, akamwacha rafiki na mguu mmoja uliolowa, akachukua beseni mikononi mwa Kerubo, akapiga magoti sakafuni, goti moja kisha la pili, kwa shida.

"Keti, mwanangu."

Kerubo akaketi. Mama akamwosha bila haraka, mpaka katikati ya vidole, kama anavyooshwa mtoto aliyetoka shambani. Kisha wakabadilishana. Mwalimu alikuwa bado mlangoni. Mdomo wake ulikuwa wazi lakini somo lilikuwa limekwisha.

Adhuhuri watu walikula nje, kila nyumba na sufuria zake. Ugali wa wimbi na mboga za chinsaga vikapita mkono kwa mkono, na Kerubo alikuwa kati ya mama Mwalimu na yule rafiki aliyeachwa, ambaye alikuwa amenuna bado, lakini alimnunia mama Mwalimu, si Kerubo. Niliona hilo nikafurahi.

Tuliteremka pamoja, sisi watatu, Mwalimu akiwa mbele na mwavuli. Mkewe alisubiri mpaka tukafika kwao.

"Na wewe," alimwambia, "nani amekuosha miguu leo?"

"Nilikuwa na kazi."

"Mwaka jana?"

"Kulikuwa na watoto."

"Unalala na soksi. Unasema ni baridi. Vua soksi, Sista yupo."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia askari. Kisha aliketi kwenye ngazi ya nyumba yake, akavua kiatu cha kushoto, akavua soksi. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha shati, na chini ya kitambaa, kidonda kilichokuwa kimekula unyayo. Juu yake kulikuwa na kitu cha njano kilichokauka. Nilinusa, sikuamini.

"Ni nini hiki?"

"Nabii alimwekea mfalme mkate wa tini juu ya jipu, akapona," alisema. "Hapa hatuna tini. Nikaponda ndizi."

"Mwalimu, wewe ndiye unayenitumia wagonjwa."

"Nilijua utasema nini."

"Ungeniacha niseme."

Alitazama majani yake ya chai badala ya mguu. Alipozungumza hakuwa na ile sauti ya darasani. "Torati inasema kuhani mwenye kilema asikaribie madhabahu. Kiwete asikaribie. Nina darasa moja tu, Sista. Niliona wakijua, watanistaafisha mara ya pili."

Mkewe alinitangulia kumjibu. Alikuwa amesimama na soksi mkononi.

"Huyo kuhani mwenye kilema," aliuliza, "na chakula kitakatifu alinyimwa?"

Mwalimu alifikiri. Hakuweza kudanganya katika jambo hilo, hata kama alitaka.

"Hapana. Alikula pamoja na ndugu zake."

"Basi twende hospitali."

Walimkata mguu chini ya goti. Tulikuwa tumechelewa kwa miezi, si kwa siku. Aliporudi, kanisa lilitoa ushuhuda kwamba Mungu amemponya Mwalimu, na yeye, kwenye magongo yake mapya, aliomba nafasi ya kusema. "Kama nimepona," aliuliza, "mguu uko wapi?" Watu hawakujua kama wacheke. Hawakumstaafisha. Walimpa darasa lake, na mzee mmoja alijitolea kumbebea Biblia, jambo lililomuudhi kuliko magongo.

Baadaye nilihamishiwa Kenyenya. Tuliongea kwa simu wakati wa sikukuu, na kila mara aliniambia kwamba hajambo, kwa namna ya mtu anayesoma tangazo.

Mwaka huu nilimkuta katika soko la Daraja Mbili. Nilikuwa nimeshuka huko kutafuta sweta za mitumba, nikasikia sauti ninayoijua ikibishana na mama anayeuza viatu.

"Nataka cha kulia tu," alisema.

"Mzee, hiki cha kushoto nitamuuzia nani?"

"Kuna mtu mahali fulani aliyekatwa wa kulia. Mtafute."

Yule mama alishikilia kwamba viatu huja viwili. Mwalimu aligeuka ili apate mtu wa kumuunga mkono, akaniona. Hakushangaa. Alisema tu, "Sista, mwambie." Alikuwa amekonda, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri mno, pasi ya mtu anayehudumiwa. Tulisalimiana, nikauliza habari za mama, akasema yuko salama. Kerubo ameolewa upande wa Nyamira. Nikauliza darasa linaendeleaje.

"Vizuri sana," alisema, kwa huzuni.

"Sasa mbona unasema hivyo?"

"Hakuna anayenipinga. Tangu nirudi na magongo, nikisema neno wanasema amina. Juzi nilifundisha kwa makusudi kwamba nabii ndiye aliyeoga mtoni na jemadari akakaa ndani. Wakasema amina. Halafu wakanishika mkono kwa mikono miwili."

"Wanakuheshimu."

"Wananihurumia. Ukimhurumia mtu humwambii kwamba amekosea." Alikigeuza kile kiatu mkononi, akachungulia ndani kana kwamba kuna kitu. "Ninakula nao, Sista. Wananipakulia wa kwanza. Na sipo."

Nilitaka kumpa pole. Nilikuwa nimekwisha kuifungua midomo, na ndipo nikaona kwamba pole ndiyo atakayoipata kwa kila mtu mpaka afe.

"Basi mimi nitakuambia," nilisema. "Umekosea. Miaka yote umekosea."

Akainua kichwa.

"Ulifundisha kana kwamba mwili si kitu na karamu ndiyo kila kitu. Kerubo aliniambia juu ya asubuhi ya kwanza baada ya mpira wa mkojo kutolewa, kule hospitali. Aliamka akapapasa shuka, akakuta ni kavu. Alilala hapo akiipapasa. Hakuna aliyekuwa amekula naye, hakuna aliyekuwa amemwosha mguu. Alisema alipona hapo. Kama kanisa lenu lisingemgusa mpaka leo, bado angekuwa amepona. Na yule mwanamke wenu wa damu, ni vivyo hivyo. Alijua mwilini mwake kabla ya mtu yeyote kumtangaza. Hakungoja kuhani."

"Alijua," Mwalimu alisema polepole. "Hilo limeandikwa. Lakini kwa nini basi aliitwa ajitokeze mbele ya umati? Kwa nini hakuachwa aende zake na afya yake?"

"Kwa sababu wanaume hupenda kutangaza."

"Hiyo ni hoja ya muuguzi."

"Na yako ni ya mtu aliyepaka kidonda ndizi."

Mama wa viatu aliacha kupanga viatu. Mwalimu akagonga gongo chini, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya dirishani, ya kufika mpaka nje.

"Mama, nipe kiti," alimwambia mwenye viatu. "Hivyo viatu viweke kando, tutavirudia. Huyu Mkatoliki amekosea vibaya, na nitamwonyesha ni wapi."

Akapewa kiti. Mimi nikageuza kreti tupu, nikaketi mbele yake, na mpaka soko likaanza kufungwa sikumkubalia hata jambo moja.